Unga wa Lutonja

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana nikianza sirudii. Hadithi hii ina damu, na mwisho wake mtagombana. Mimi siamui, nasimulia tu.

Katika mji wa Igwata walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mihayo, muuza nyama. Huyu alipewa mwili. Ng'ombe akikata kamba pale machinjioni, wenzake wote walipanda ukuta, Mihayo akabaki chini anamsubiri. Kuongea hakujua sana. Ukimuuliza jambo gumu anakuna kichwa, anakwambia, "Muulize shangazi."

Wa pili ndiye huyo shangazi, Milembe, muuza kuku mnadani. Huyu alipewa swali. Ukimletea tetea ukamsifia kwamba anataga kila siku, Milembe hakubishii, atakuuliza tu, "Na wenzake uliowaacha nyumbani, je?" Wachuuzi walimkwepa. Wanaume wawili waliomposa walimkwepa pia, Mungu awasamehe.

Wa tatu ni Mzee Luhende. Huyu alipewa neno. Akisema atafanya, hesabu limefanyika, hata limuumize vipi. Aliwahi kuahidi ng'ombe harusini akiwa amelewa chakari, na kulipokucha akamswaga ng'ombe mwenyewe mpaka kwa bwana harusi, kichwa kinamgonga.

Katikati ya hao watatu alikuwepo Nyamizi. Mihayo ni kaka yake wa tumbo moja, Milembe ni dada wa baba yake, na Luhende ni baba mkwe wake, baba wa mumewe Mahona. Nyamizi aliugua kisukari tangu utotoni, kile ambacho bila sindano mtu hamalizi wiki. Alijichoma mwenyewe kila siku wala hakukunja uso. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeshaanza kumpiga mateke, naye akichambua mboga alikuwa anaongea nayo. Hakutaka kingine duniani: mtoto huyu atoke, na atoke analia.

Basi akaja Lutonja.

Alikuja na magunia ya unga mweusi. Alisema ni mbegu za zambarau zilizokaangwa, na mengine ni siri ya babu yake. Akajenga kibanda mnadani, kando ya barabara kuu, akaweka vijana wenye rungu mlangoni, akapaza sauti: "Kijiko kimoja kwenye uji, sukari inashuka! Tupeni sindano!"

Sasa sikilizeni desturi ya Igwata. Kule dawa haiendi bila mwiko. Hata dawa ya kikohozi, mtu akipewa zahanati anauliza, "Mwiko wake nini?" Muuguzi akisema hauna, mtu anaiacha dirishani anakwenda zake. Na mwiko kwao ni heshima tu kwa dawa, kama kuvua viatu mlangoni. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwiko wenyewe unaweza kufanya kazi. Lutonja aliwajua. Mwiko wa unga wake ulikuwa mkali: usile ugali wa sembe, usile wali, soda usiguse, chai unywe bila sukari, pombe marufuku, jioni usishibe, na dozi yako uifuate kibandani kwa miguu hata kama unakaa mbali.

Watu wakanywa unga, wakashika mwiko, na sukari ikashuka. Msicheke, ilishuka kweli! Mzee Luhende, ambaye nyayo zilikuwa zinamwaka moto na macho yana ukungu, alipimwa na muuguzi Bi Kahabi, na Bi Kahabi akarudia kupima maana aliona mashine inamdanganya. Luhende akasimama mnadani akatoa neno lake: "Unga huu umeniponya." Na neno la Luhende, nani alibishie?

Aliyelisikia ni Jilala, fundi baiskeli, kijana wa sindano kama Nyamizi. Akatupa sindano, akanywa unga, akashika mwiko wote. Hakumaliza wiki. Alikufa anahema kwa nguvu, mdomo unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Lutonja alipoulizwa, hata kope haikumcheza. "Alivunja mwiko."

Vijana wake wakaenda msibani kutafuta ushahidi, na chini ya kitanda wakakuta chupa ya soda. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya taa, lakini nani aliangalia? Walimburuta mama yake Jilala mpaka uani, wakamshushia rungu mbele ya waombolezaji, eti amemuua mwanawe kwa soda. Mkono ukavunjika hata mtoto hajazikwa. Bi Kahabi alipothubutu kusema, "Jamani, huyu amekufa kwa kukosa sindano," wakamfuata mpaka zahanati. Madirisha yote yakapasuliwa, friji la dawa likapigwa shoka, dawa ya sindano ikamwagika sakafuni na wao wakaikanyaga wakicheka. Igwata nzima haikubakiwa na dawa ile, isipokuwa vichupa vichache ambavyo Nyamizi aliviweka vipate ubaridi ndani ya mtungi wa maji.

Mahona alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na jambo moyoni.

"Mke wangu, baba amepona. Wewe sindano unazing'ang'ania za nini? Unataka kuniulia na huyu wa tatu?"

"Na Jilala?"

"Jilala alivunja mwiko!"

"Mama yake amesema hakuvunja."

Kofi lililomjibu lilimwangusha Nyamizi juu ya mafiga. Alijikunja kuzunguka tumbo lake, mgongo ukapokea teke lililofuata. Mzee Luhende aliingia na kumshika mwanawe mkono, na nyuma yake akaingia Milembe bila hodi.

Milembe hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mkwe wake. "Mahona mwanangu, mtu akipona, amepona kwa nini?"

"Kwa unga, shangazi."

"Akifa?"

"Amevunja mwiko."

"Kwa hiyo akipona sifa ni ya unga, akifa kosa ni la maiti. Huu unga unashindwa lini?" Mahona akamgeukia baba yake. "Nipe mpaka mwezi ujao uandame, niupime. Ukishinda, sindano za Nyamizi nitazivunja mimi mwenyewe."

"Mpe," akasema Mzee Luhende, na Mahona akakubali mbele ya baba yake. Nyamizi pale chini aliyasikia yote. Alitamani kumwambia shangazi kwamba hicho alichokiweka rehani kina mateke.

Milembe akawakusanya wagonjwa wa sukari wasiotumia sindano, wazee na watu wazima. Akapika uji vyungu viwili. Kimoja kilitiwa unga wa Lutonja. Kingine kilitiwa pumba za mtama alizoziunguza mpaka zikawa nyeusi na chungu vilevile. Watu waliambiwa wazi kwamba vyungu ni viwili na kimoja hakina unga, ila hawakuambiwa ni kipi. Walivuta vijiti, kila mtu akapangiwa chungu chake. Aliyejua siri ni Bi Kahabi peke yake. Wote walishika mwiko, wote walitembea, na kila siku ya mnada walichomwa kidole hadharani, mashine ikasomwa kwa sauti.

"Bado kitu kimoja," Milembe akasema. "Nataka mtu anywe unga na avunje mwiko."

Igwata kuvunja mwiko wa dawa kwa makusudi ni kujichimbia kaburi. Mtu mmoja alifunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Mzee Luhende akasimama. "Ni mimi niliyesema unga umeniponya. Kama ni kweli, nitakula sembe na unga utanilinda. Kama si kweli, Jilala alikufa kwa neno langu. Nitakunywa unga mwezi mzima na mwiko nitauvunja."

Akala sembe, akanywa chai yenye sukari, na kila asubuhi akanywa unga vijiko viwili badala ya kimoja. Nyamizi ndiye aliyempakulia. Macho ya mzee yakarudiwa na ukungu. Kisha akajikwaa, kidole cha mguu kikachubuka, na mchubuko ukagoma kupona. Kidole kikawa cheusi. Harufu yake ikaanza kumpokea Nyamizi mlangoni.

Alimwita Milembe aje aone. Milembe aliinama, akauangalia ule mguu kwa muda mrefu.

"Msimamishe, shangazi," Nyamizi akamwambia. "Utaoza wote."

"Mwezi haujaandama. Tukikatiza sasa Lutonja atasema unga haukupewa nafasi, na mumeo atamwamini."

"Lakini atakufa!"

"Na wewe?" Milembe akauliza, kisha akajifunika kanga usoni, maana alikuwa analia.

Mzee Luhende akaurudishia mguu wake kitambaa. "Niacheni. Nilisema mwezi mzima."

Nyamizi angeweza kumbishia. Angeweza kuumwaga ule uji. Mtoto akapiga teke, naye akanyamaza. Kesho yake akampakulia mkwe wake sembe.

Lutonja naye si mjinga. Alisikia kwamba watu wa vyungu vyote viwili wanashuka, akajua mwezi ukiandama hana chake. Akamwita Mahona kibandani. "Mzee wako anaoza kwa sababu nyumbani kwako kuna mtu anayejichoma vyuma. Sindano na unga havikai paa moja. Unamsubiri nani, baba yako afe?"

Mahona alirudi mbio. Ahadi aliyoiweka mbele ya baba yake aliivunjia pale pale mlangoni: alipiga teke mtungi, ukapasuka, akavisaga vichupa kimoja kimoja kwa kisigino. Nyamizi alimrukia, akamng'ata mkono mpaka akahisi damu mdomoni. Mahona akampiga ngumi ya taya, akamburuta kwa nywele, akamfungia ghala la mahindi na bakuli la uji mweusi.

Mle ndani kiu ilianza mapema. Nyamizi alikunywa ndoo yote ya maji na kiu ikabaki palepale. Akatapika. Pumzi ikawa ndefu, ikawa nzito, na mdomoni mwake akasikia harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Aliijua. Alianza kupiga mlango kwa mikono, baadaye kwa kichwa, na mateke ya tumboni yakawa yanakuja kwa nadra. "Usilale," alimwambia mtoto. "Mwanangu nakuomba, usilale."

Mihayo alipita siku ya mnada kumletea dada yake maini. Akasikia mlango unagongwa. Hakuuliza. Alichukua shoka la kuni na bawaba zikaruka. Mahona akamjia na panga, likampata begani. Mihayo akamshika kwa shati, akambamiza ukutani mpaka midomo ikapasuka, akamwacha hapo. Akambeba dada yake, akamlaza nyuma ya gari lake la nyama, juu ya magunia yenye damu ya ng'ombe, akakamata barabara ya hospitali ya wilaya.

Barabara hiyo inapita mnadani, na mnadani vijana wa Lutonja walikuwa wameshatandaza gogo.

"Hapiti mtu! Anamtorosha mvunja mwiko!"

Mihayo akashuka na nondo. Jamani, nimesema kuna damu. Wa kwanza alipigwa goti, likarudi nyuma lisikotakiwa kwenda. Wa pili alivunjwa mbavu. Rungu likampata Mihayo jicho la kushoto, jicho likatoka, likaning'inia shavuni, naye akaendelea kupiga. Wa tatu aliitwa Ndaki, mtoto wa mjane mmoja mpika vitumbua. Ndaki alitupa rungu lake, akapiga magoti, akainua mikono. "Kaka, nimeacha! Kaka, nimeacha!"

Nyamizi kichwa chake kilikuwa kimeegemea ubavu wa gari. Alisikia kila neno. Nondo ilishuka hata hivyo, na Ndaki hakuinuka tena.

Umati ukanguruma. Watu waliokuwa wananunua chumvi sasa walikuwa wameshika mawe, na mawe yalikuwa ya kumpiga Mihayo. Wangemmaliza, na gari wangelichoma na mwenye mimba ndani. Ndipo Milembe alipopanda juu ya gari.

"Mtaua, lakini kwanza nijibuni! Mwezi umeandama, leo ni siku ya mwisho ya kupima. Nani kati yenu ameshuka sukari?"

Mikono ikainuka, mingine ina mawe.

"Bi Kahabi, waambie nani alikunywa chungu kipi."

Bi Kahabi akaanza kutaja. Fulani, unga. Fulani, pumba. Fulani, pumba.

"Mimi?" akauliza muuza chumvi mmoja. "Nimekunywa pumba?"

"Pumba tupu, baba."

Jiwe likaruka kutoka kwa vijana wa Lutonja, likampata Milembe mdomoni. Alitema meno mawili, akajifuta kwa kanga, akaendelea na maneno yaliyojaa damu. "Wa unga mmeshuka. Wa pumba mmeshuka vilevile. Kilichowashusha ni nini?"

Lutonja akapayuka kutoka kibandani. "Msimsikilize! Hata hao wa pumba walishakunywa unga wangu kabla ya vyungu, ulishawaingia mwilini tangu mwanzo! Hauishi upesi!"

Kwa jibu hilo watu wakayumba. Lilikuwa na maana, tusimnyime haki yake. Milembe alifungua mdomo na hakuwa na swali. Ni mara ya kwanza maishani mwake.

Aliyejibu ni Mzee Luhende. Alikuja anajikokota kwa gongo, watu wakampisha kwa sababu ya ile harufu. Akauweka mguu juu ya lile gogo, akafungua kitambaa. Wanawake waliziba pua, mwanamume mmoja akageuka kutapika.

"Unga ulikuwa mwilini mwangu tangu mwanzo," akasema, "na kila siku nimeuongeza mara mbili. Nilichoacha ni mwiko tu. Tazameni unga ulivyonilinda."

"Mtu mmoja huyo!" Lutonja akapiga kelele. "Mtu mmoja si ushahidi!"

"Mmoja hatoshi," Milembe akasema. "Mmoja na wale wote wa pumba, je?"

Mzee Luhende alimtafuta mwanawe kwa macho yake ya ukungu. Mahona alikuwa amefika, midomo imepasuka, panga bado mkononi. "Mahona, nilikuambia unga umeniponya. Nilikosea. Mwiko ndio ulioniponya, na mkeo hana ugonjwa wa kuponywa na mwiko. Toa gogo."

Mahona akadondosha panga. Akainama, akakamata gogo, peke yake likamshinda, na wale wenye mawe wakayaweka chini wakamsaidia. Gari likapita. Nyuma yake Nyamizi alisikia mlio mwingine: umati ulikuwa umemgeukia Lutonja. Kibanda kilichomwa, na polisi walipofika walimkuta hai, miguu yote miwili imevunjwa.

Hospitali walimwekea Nyamizi dripu na sindano, wakamrudisha kutoka alikokuwa ameshafika. Miezi ilipotimia akajifungua binti, na binti akalia mpaka wodi nzima ikaamka. Nyamizi aliacha alie. Hakutaka kumbembeleza haraka.

Sasa ndipo shida inapoanza.

Igwata mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemtoa mautini, awe mwanamke au mwanamume. Na jina si la kuitia tu. Mwenye jina anakuwa mzazi wa pili; mtoto huyo ndiye atakayemlisha uzeeni, ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kaburini kwake. Na jina ni moja. Halikatwi vipande kama nyama ya Mihayo.

Mahona, ambaye siku hizi huongea akiangalia chini, alisema, "Aitwe Luhende. Baba alitoa mguu." Na kweli, ulikatwa chini ya goti. Lakini mama yake Jilala alikuja na mkono wake uliopinda, akasema, "Neno la Luhende ndilo lililomuua mwanangu. Aliyelipa deni tangu lini akapewa zawadi?"

Bi Kahabi akasema, "Aitwe Milembe. Bila swali lake tungekuwa tunazika mpaka leo." Na kweli, Milembe alipoteza meno, na vijana wa Lutonja waliotoroka walimchomea nyumba na kuku wote ndani, naye hana mtoto wa kumtunza. Lakini mke wa Luhende akasema, "Aliuona mguu wa mume wangu unaoza, akasema mwezi haujaandama. Nitamwitaje mjukuu wangu jina hilo?"

Wachinjaji wakasema, "Aitwe Mihayo. Swali na mguu vingefika lini, kama yeye hakuvunja mlango?" Na kweli, Mihayo yuko mahabusu na jicho moja, anasubiri kesi ya kuua, na huenda asitoke. Lakini mama yake Ndaki alituma ujumbe na sinia la vitumbua vya mzazi, vitamu, bado vya moto: "Mwanangu, hongera. Mimi nakaa jirani yako. Ukimwita Mihayo, kila jioni nitasikia unamwita muuaji wa Ndaki aje ale."

Nyamizi alikula kitumbua kimoja akalia.

Siku ya jina ikafika. Maji yakatiwa kwenye kibuyu, wanawake wakakaa kwa duara, mtoto akavuliwa nguo. Milembe alikaa kona moja, Mzee Luhende kona nyingine na gongo lake, na Mihayo alikaa huko alikofungiwa, akingoja mtu wa kumpelekea habari. Mkunga akanyunyiza maji na kuuliza kwa sauti, "Huyu ni nani?"

Nyamizi akamtazama mwanawe, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Na mimi hapo nafunga wangu.

Haya, nyie mlionisikiliza mpaka hapa: mtoto yuko mapajani kwako, maji yanamkaukia mwilini, na watu wanangoja. Unamwita nani? Na asiniambie mtu majina matatu.